Njia ya Uhuru Haiishii Mkunazini

Hotuba hii niliisoma Unguja mjini tarehe 23 Agosti, siku ambayo dunia hukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, mbele ya waongozaji watalii, walimu wa skuli na wazee wa mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Wenzetu wengi wa Pemba na wa mashamba hawakuweza kufika, wakaniomba niiweke yote kama ilivyosomwa. Nimeiacha ilivyo, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazee wangu, walimu wangu, waongozaji wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum.

Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya njia ya matembezi tunayokusudia kuifungua, njia itakayomwonyesha mwenyeji na mgeni jinsi utumwa ulivyopigwa vita mpaka ukafutwa katika visiwa hivi. Kazi ya kuongoza wageni naifanya mwaka wa 22 sasa. Nimesimama mara nyingi mno kwenye lile shimo la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, mbele ya zile sanamu tano zenye mnyororo shingoni, nikieleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kitaliano cha kuombea maji. Kwa hiyo ninalolisema leo sijalisikia kwa watu, nimeliona kwa macho yangu.

Nawaulizeni: mgeni wetu akishatoka pale Mkunazini, anakwenda wapi?

Mnajua nyote. Anaingia kanisani, anaonyeshwa madhabahu, anaelezwa habari za askofu, za balozi wa Kiingereza na za Daktari Livingstone, yule mmisionari na msafiri aliyeipinga biashara ya watumwa, kisha anakwenda Darajani kununua viungo, na jioni yuko Forodhani. Amesikia kwamba watu walifungwa, na amesikia kwamba watu wengine wakaja wakawafungua. Lakini hao waliofungwa je? Katika maelezo yetu hawasemi neno, hawapigi hatua, hawana pa kwenda. Wanabaki shimoni. Ndugu zangu, hawakubaki shimoni. Walitoka, wakatembea, wakajenga nyumba, wakazaa, na wajukuu wao baadhi yao wamekaa humu ukumbini. Njia tunayoichora ni lazima ifuate nyayo zao.

Nianze na ardhi yenyewe ya Mkunazini, kwa sababu pale ndipo tunapokosea mwanzo.

Yanayojulikana ni makubwa ya kutosha. Pale palikuwa na soko la watumwa, la mwisho kuendeshwa hadharani mjini hapa, nalo lilifungwa mwezi Juni 1873. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, ambaye sisi tunaoipenda lugha hii tuna deni kwake kwa kazi yake ya sarufi ya Kiswahili, na amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo ambayo husimuliwa kwamba imewekwa penye mti waliokuwa wakichapwa watumwa. Msalaba wa mbao uliomo ndani unaelezwa kuwa umechongwa kutokana na mti wa Chitambo, kule Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa.

Sasa yapo na yale tunayoyaongeza. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi niliwateremsha wageni kwenye vile vyumba viwili vya chini, vyenye dari ya kuinamia, nikawaambia idadi ya watu waliokuwa wakirundikwa mle kwa siku ngapi kabla ya mnada. Nilikuwa nimezipokea hesabu hizo kwa mwongozaji aliyenitangulia, naye kwa mwenzake. Tulipotoka nje, mzee mmoja wa mtaa aliyekuwa amekaa barazani akaniita pembeni, kwa upole, wageni wasisikie.

"Mwanangu," akaniuliza, "jengo hili limejengwa lini?"

Sikujua. Akanieleza kwamba nyumba ile ni ya wamisionari, na kwamba soko lilikuwa limeshafungwa ilipojengwa. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu, sina la kujibu. Nilikwenda kusoma, nikakuta kwamba wanahistoria kweli wana shaka kubwa kama vyumba vile vilipata kuwekwa watumwa.

Je, tuvifunge? Mimi sisemi tuvifunge. Nasema tumweleze mgeni ukweli: kwamba mahali hapa palikuwa soko, kwamba juu ya vyumba hivi wanahistoria wana shaka, na kwamba anaviangalia ili apate kufikiri juu ya giza na joto na kukosa nafasi. Njia kama hii ikiwa na uongo hata mmoja mdogo, tumewapa wale wanaotaka kuyakana yote fimbo ya kutuchapia. Utumwa wa Zanzibar hauhitaji kutiwa chumvi.

Badala ya hesabu tusizoweza kuzithibitisha, tumtaje mtu. Tumtaje Swema, binti wa Kiyao, ambaye habari zake ziliandikwa na mapadri wa Kikatoliki hapa Unguja katika miaka ya 1860. Mama yake alikuwa mjane mwenye deni asiloweza kulilipa. Mdai akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka pwani. Mama hakukubali kutengana naye. Aliomba abebe pembe ya ndovu kama mpagazi, mradi awe karibu na mwanawe. Nguvu zilipomwishia njiani, akaachwa afe. Swema alifika Unguja akiwa mifupa mitupu, na mwenye mali akaona hana faida naye, akafukiwa kaburini angali hai. Kijana mmoja aliyepita akasikia sauti ya kuugua, akamfukua, akampeleka kwa watawa, akapona.

Mwalimu wa darasa la sita akiwaleta wanafunzi wake pale shimoni, awasomee hayo. Watoto wataelewa nini maana ya mama kubeba pembe ya ndovu.

Jambo la pili ni la makaratasi. Najua makaratasi huchosha, lakini bila ya kuyaelewa hatuwezi kueleza kwa nini mambo yalichukua miaka 75 na zaidi.

Mwaka 1822 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza, uliokataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845, kwa balozi Hamerton, akatia saini mwingine uliokataza kuwatoa watumwa Afrika na kuwapeleka Arabuni, ukaanza kutumika Januari 1847. Lakini ndani ya milki yake, kutoka Kilwa hadi Lamu, biashara iliendelea kuwa halali. Mnaona? Kila karatasi ilifunga mlango ikaacha dirisha. Na dirishani mlipita watu kwa maelfu, kwa sababu hapa hapa visiwani palikuwa na mlaji mpya asiyeshiba, naye ni karafuu. Mikarafuu ilipandwa Mtoni na Kizimbani, ikaenea Unguja na Pemba. Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, na msimu haumngoji mtu. Yeyote kati yenu aliyepanda mkarafuu wakati wa msimu, akashuka jioni mabega yamekufa ganzi, anajua ni mikono mingapi inayotakiwa.

Naomba nitoke kidogo nje ya mstari, kwa sababu hapa ndipo maneno yetu huwasha moto usio na faida. Nani alifanya biashara hii? Si kabila moja. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Waarabu waliendesha misafara na mashamba, Waswahili vile vile, Wahindi walitoa mikopo na baadhi yao walimiliki watumwa, na bara walikuwapo watemi na wafanyabiashara wa Kiyao na wa Kinyamwezi waliouza majirani zao. Pembe zilizobebwa mabegani mwa wale mateka ziliishia kwenye vinanda vya Ulaya na Marekani. Mwongozaji anayetaja mmoja tu kati ya hawa na kuwanyamazia wengine, anawasha moto katika nyumba ambayo sisi sote tunalala.

Turudi kwenye makaratasi. Januari 1873 serikali ya Uingereza ilimleta Sir Bartle Frere amshawishi Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sayyid Barghash alikataa. Mfikirie naye hali yake: Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na wakubwa waliomzunguka walitegemea mashamba. Frere akaondoka mikono mitupu. Ndipo balozi John Kirk akapewa maagizo amwambie Sultani kwamba manowari zitaizingira Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini, na masoko yote ya watumwa yakafungwa.

Wageni wengi hudhani hapo ndipo utumwa ulipokwisha. Nasema tena, na naomba tuliseme kila siku njiani: kilichopigwa marufuku mwaka 1873 ni kuwasafirisha na kuwauza hadharani, utumwa wenyewe haukuguswa. Aliyekuwa mtumwa tarehe 4 Juni alikuwa mtumwa tarehe 6 Juni, na aliendelea kuwa mtumwa kwa sheria kwa miaka 24 mingine.

Biashara nayo ilijificha. Kule Mangapwani, kaskazini ya mji, kiko kile chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, chenye ngazi za kuteremkia na njia inayoelekea baharini, ambacho kinasimuliwa kuwa ndimo walimofichwa watu baada ya soko kufungwa. Na kwa vile kimbunga hakikuiumiza Pemba kama Unguja, mikarafuu ya Pemba ikawa ndiyo mali, na majahazi yakavuka usiku na watu waliofichwa ndani. Uingereza iliiweka manowari iitwayo London bandarini kwetu, mashua zake zikawa zinazunguka visiwani. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliliandama karibu na Pemba jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, bendera ambayo Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuikagua kama wapendavyo. Wenye jahazi wakamshambulia, wakamuua. Kwenye kisiwa cha Chapwani yako makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Na wao watajwe, kwa haki yao.

Lakini nataka tuwataje na wengine. Nani aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani? Wanaume na wanawake wa Kiafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, safari ya miezi mingi kwa miguu. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa. Wote wawili waliishi na kufa hapa Zanzibar, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Mtoto aliyefungwa kamba njiani alikuja kuwa mkuu wa misafara, anayeijua bara kuliko Mzungu yeyote aliyemfuata. Jina lake liandikwe kwenye njia yetu kwa herufi zile zile tutakazomwandikia Livingstone.

Na twende Mbweni, ambako wamisionari walinunua ardhi mwaka 1871 kuwaweka waliotolewa majahazini, na ambako magofu ya skuli ya wasichana bado yamesimama kati ya miti. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la waliokombolewa wakitaka kurudi upande wa Ziwa Nyasa. Wengi walifika Masasi, wakaona nchi inafaa, wakakaa. Mmasasi wa leo akija Zanzibar kutembea, huenda anatembea katika njia aliyopita bibi yake akirudi.

Sasa jambo la tatu, ambalo ndilo lililo moyoni mwangu.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuufuta utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Ni siku ambayo ingepaswa kujulikana na kila mtoto wa visiwa hivi. Lakini tuisome amri yenyewe. Haikusema kwamba kesho asubuhi watu wote ni huru. Ilisema kwamba mahakama haitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa; basi mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimlazimu aende mwenyewe akaudai. Bwana aliweza kulipwa fidia. Mtumwa hakuwekewa fidia yoyote. Tena, aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909.

Wekeni picha hiyo machoni. Mwanamke ametoka shamba, ametembea na jua, anasimama mbele ya meza ya wakubwa. Maisha yake yote amefanya kazi katika ardhi ya mtu mwingine, kwa jembe la mtu mwingine. Na sasa anaulizwa: utakaa wapi? Utakula nini?

Ndiyo maana wengi hawakwenda. Walibaki walipokuwa, wakapatana na wenye mashamba wafanye siku kadhaa za wiki ili waachiwe kipande cha kulima muhogo. Kule Pemba Makwekwe, hao Wakristo waliokuwa wakipigania kufutwa kwa utumwa tangu zamani kwao Uingereza, walifungua shamba Banani, karibu na Chake Chake, mwaka ule ule wa 1897, waliokombolewa wafanye kazi kwa ujira. Wapemba mliopo: Banani iwe kituo. Njia hii isiwe ya Unguja peke yake, maana karafuu nyingi zilikuwa kwenu na jasho jingi lilimwagika kwenu.

Na waliokuja mjini walikwenda wapi? Walivuka. Palikuwa na mkono wa bahari uliokuwa ukiingia nyuma ya Mji Mkongwe, maji yakijaa na kutoka, na daraja ndilo lililoipa Darajani jina lake. Ng'ambo ya maji yale ndiyo Ng'ambo yetu. Leo maji hayapo, ipo barabara, na tunaivuka tukiangalia daladala tu. Lakini ile ndiyo hatua ninayotaka kila mgeni wetu aipige kwa miguu yake, kutoka Mkunazini hadi upande wa pili, kwa sababu ndiyo waliyoipiga wao.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Ng'ambo maisha yake yote. Alikuwa na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, na siku za Idi alikuwa akilifungua kutoa kanga. Nilipokuwa na miaka kumi hivi nilichungulia chini kabisa, chini ya kanga zote na asumini zilizokauka, nikaona kitambaa cheusi kilichokunjwa vizuri. Nilipokigusa kilikuwa kizito, kimeparara, na penye mikunjo weusi wake umegeuka kama rangi ya zambarau mbivu. Ilikuwa kaniki.

Nikamuuliza ya nani. Akasema, "Ya bibi yake mama yangu. Hiyo haivaliwi."

"Mbona haivaliwi na nyinyi mmeiweka?"

"Siku aliyonunua kanga kwa pesa zake mwenyewe, aliivua akaikunja. Hakuitupa, na hakuivaa tena."

Nikauliza alitoka wapi bibi huyo. Akafunga kasha. "Wa hapa hapa," akasema.

Walimu wangu, nyinyi mnajua kwamba kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa wa kike na ya maskini, na kwamba kanga ilienea pwani yetu wakati ule ule watu walipokuwa wakiutafuta uungwana wao. Mimi nimeyasoma hayo ukubwani. Lakini pale mbele ya kasha sikujua kwamba nilikuwa nimeishika hati ya uhuru. Miaka mingi baadaye, bibi akiwa kitandani na maradhi yake ya mwisho, alinivuta mkono, hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema neno moja: "Nyasa." Hakuongeza.

Kwa nini alinyamaza miaka yote ile? Kwa nini bibi zetu wengi walisema "wa hapa hapa"? Kwa sababu kutajiwa asili kulikuwa ni kutukanwa. Watu walibadilisha majina, wakayaacha yale ya kina Mabruki na Feruzi waliyopewa na mabwana, wakajichagulia ya kwao na ya watoto wao. Walibadilisha nguo. Walijenga misikiti yao midogo na mabaraza yao, na mwishowe wakabadilisha hata muziki wa mji: Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, muuza vyungu, mwaka 1928 alifika Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Simlaumu bibi yangu hata kidogo. Alikilinda alichopewa. Lakini ukimya ule ukiendelea, mgeni ataambiwa habari za mabalozi na maaskofu peke yao, kwa sababu wao waliandika.

Basi tunapendekeza hivi. Njia ianzie Mkunazini, na maelezo ya kila kituo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Ipite Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, itoke Darajani na kuvuka, imalizikie barazani Ng'ambo. Mbweni, Mangapwani na Banani viwe na siku zake. Umoja wa Mataifa ulipouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, moja ya sababu zilizotajwa ni nafasi ya mji huu katika kuukomesha utumwa. Kwa hiyo tunachokiomba kwa wenye mamlaka hakiko nje ya ahadi waliyokwisha kuipokea.

Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri, tutaitembea kwa mara ya kwanza sisi wenyewe bila ya wageni. Tukutane pale kwenye shimo. Tutakapofika Ng'ambo kutakuwa na mkeka, kahawa na daftari moja kubwa. Mwenye jina la bibi yake au babu yake aliandike, au amwambie mwalimu amwandikie. Asiyetaka litajwe kwa sauti, halitatajwa. Mwenye kitu kasha lake limekihifadhi, na akije nacho. Mimi nitakuja na kaniki.